Jinsi ya kusoma simulizi za waliosailiwa kabla zamu yako haijafika

Ukishaitwa kwenye usaili, kitu cha kwanza ni kuulizia: hawa wanasailije? Wana mtihani? Jopo lina watu wangapi? Majibu huwa hayakosekani. Mmoja atakwambia walimdharau, mwingine atasema hajawahi kukutana na usaili mwepesi kama ule, wa tatu atakukata tamaa kabisa: "wana mtu wao tayari, usijisumbue". Ukimaliza simulizi kumi za namna hiyo unabaki na hofu nyingi na taarifa kiduchu.

Shida ni kwamba simulizi ya msailiwa imechanganya vitu viwili: utaratibu wa kampuni, na jinsi mtu yule alivyojisikia siku ile. Utaratibu utakukuta na wewe. Hisia ni zake. Mwongozo huu unahusu namna ya kupepeta hadi ubaki na cha kwanza, halafu ukitumie kujiandaa.

Unatafuta nini ndani ya simulizi

Simulizi yenye faida inajibu mambo haya, hata kama mwandishi hakuyapanga: nafasi gani na ya ngazi gani, lini, aliingia kwa njia ipi, yaani tangazo, wakala wa ajira au kupendekezwa na mfanyakazi, hatua ngapi na kila moja dakika ngapi, aliulizwa nini, kwa maneno yaliyo karibu na yale ya msaili, siku ngapi zilipita kati ya hatua na hatua, na mwisho alipata, alikosa au alijitoa.

Linganisha hizi mbili. Ya kwanza:

"Usaili wao wa hovyo. Watu wana majivuno, maswali hayana kichwa wala miguu. Nilipoteza muda wangu bure."

Ya pili:

"Mhasibu msaidizi, niliomba kupitia tangazo mwezi Machi. Siku 9 baadaye nikapigiwa simu, dakika 20, wakauliza mshahara ninaotaka na lini naweza kuanza. Wiki iliyofuata mtihani wa Excel, dakika 40: kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, miamala kama 60. Kisha jopo la watu watatu, dakika 45. Waliuliza: tueleze siku uliyogundua kosa kwenye hesabu zilizokwisha kusainiwa. Mmoja alikuwa anaandika tu. Siku 16 baadaye, barua pepe ya kukataliwa."

Ya pili imeandikwa na mtu aliyekosa kazi, na bado ni dhahabu. Chukua mtihani peke yake. Miamala 60 kwa dakika 40; ukitoa dakika 10 za kusoma maelekezo na kuandika majibu, zinabaki sekunde 30 kwa kila muamala. Huo muda haumtoshi mtu anayepitisha kidole mstari kwa mstari. Unamtosha anayejua kupanga safu kwa kiasi na kutumia fomula za Excel za kutafuta na kuhesabu, VLOOKUP au COUNTIF, na anayekumbuka kwamba kiasi kinachojirudia humdanganya VLOOKUP, maana huleta mstari wa kwanza unaolingana na kuishia hapo. Dawa yake ni kuunganisha namba ya kumbukumbu na kiasi katika safu moja, kisha kutafuta kwa safu hiyo. Tofauti zinazotegwa kwenye mitihani ya aina hii nazo zinajulikana: makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini, hundi ambayo haijafika benki, na tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa mfano 5,940 kuandikwa 5,490. Ukiona tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki (hapa ni 450), anza kwa kutafuta tarakimu zilizopishana.

Mstari mmoja wa simulizi umekupa mazoezi ya jioni tatu. Ile ya kwanza haikukupa hata jina la nafasi.

Pa kuzipata

Kwa kampuni kubwa, tovuti kama Glassdoor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, zina sehemu maalumu ya usaili: mtu anaeleza hatua alizopitia, anataja swali aliloulizwa, anapima ugumu na kusema kama alipewa ofa. Soma maandishi kwanza, wastani wa alama baadaye, au uache kabisa. Wastani huo umemweka mhandisi, mtu wa mauzo na mwanafunzi wa mafunzo kazini kwenye chungu kimoja. Chuja kwa nafasi, kisha kwa ofisi.

Kampuni ndogo haitakuwa na simulizi hata moja mtandaoni. Hapo watu wawili au watatu wanatosha, na aliye bora ni yule aliyesailiwa kwa ngazi kama yako ndani ya mwaka huu, hata kama alikosa. Aliyeajiriwa miaka sita iliyopita atakueleza vizuri sana usaili ambao haupo tena.

Chanzo ambacho watu wengi wanakiogopa ni kampuni yenyewe. Mtu wa rasilimali watu aliyekualika anaulizwa mambo ya ratiba kila siku na hawezi kukushusha alama kwa kuuliza. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa mwaliko wa usaili, nitahudhuria. Naomba kufahamu utachukua muda gani, nitakutana na watu wangapi na wana nafasi gani, na kama kuna mtihani wa vitendo ili nije na kifaa kinachohitajika."

Maswali yenyewe hutapewa, ila kampuni nyingine hukaribia kufanya hivyo. Amazon imeweka hadharani kanuni zake za uongozi, ambazo tangu 2021 ni 16, na inawaambia waombaji waziwazi kwamba maswali kuhusu waliyoyafanya huko nyuma yanazizunguka kanuni hizo. Ukikuta kitu kama hicho, kisome kabla ya simulizi yoyote.

Umri wa simulizi

Weka mpaka wa miezi 18. Zaidi ya hapo, isome kama historia. Meneja wa ajira akibadilika, utaratibu hubadilika naye, na usaili mwingi uliokuwa wa ana kwa ana umehamia kwenye video.

Mfano mzuri ni Google. Kwa miaka mingi ilisifika kwa mafumbo ya aina ya "mipira mingapi ya gofu inajaa kwenye basi la shule". Mwaka 2013 aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wake, Laszlo Bock, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo hayo ni kupoteza muda, hayatabiri chochote. Hata hivyo simulizi za zamani zinaendelea kuzunguka, na wapo watu wanaokesha wakihesabu mipira ya gofu badala ya kujiandaa kwa maswali ya kazi yao.

Nani huandika, na kwa nini anakumbuka alichokumbuka

Wanaoandika zaidi ni waliofurahi sana na waliokasirika sana. Aliyepita usaili wa kawaida, akapata kazi ya kawaida, haoni sababu ya kuandika. Kwa hiyo usihesabu sifa na lawama ukadhani umepima kampuni.

Aliyekataliwa, mara nyingi, hajui kwa nini. Barua ya kukataliwa haisemi kitu, naye anajaza pengo mwenyewe: swali la mshahara, umri, msaili mmoja aliyekunja uso. Chukua alichokiona na kukisikia. Sababu aliyoibuni iache.

Kuna jambo jingine linalopinda simulizi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono kwenye maji baridi: mara moja kwa sekunde 60, mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile na 30 zaidi ambazo maji yalipunguzwa baridi kidogo. Walipoulizwa wangerudia jaribio lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu lilimalizika vizuri zaidi. Binadamu hukumbuka kilele na mwisho, urefu anausahau. Usaili ulioendeshwa vizuri kwa wiki tatu, kisha ukaishia kwenye ukimya, utasimuliwa kuwa mbaya kuanzia mlangoni. Kwa hiyo simulizi yenye hasira isome kwa kurudi nyuma: angalia kwanza iliishaje, kisha punguza ukali wa yaliyotangulia kulingana na mwisho huo.

Simulizi za kupandikizwa nazo zipo. Dalili zake: nne au tano ndani ya wiki moja, zote zinasifu "mazingira rafiki" na "timu ya kitaalamu", hakuna hata moja yenye swali lililoulizwa wala muda wa hatua. Mtu aliyesailiwa kweli hukumbuka angalau swali moja.

Jedwali

Fungua karatasi yenye safu saba: tarehe, nafasi, njia ya kuingilia, hatua na dakika zake, maswali, siku za kusubiri, matokeo. Simulizi moja, mstari mmoja. Hisia usiziandikie safu. Ukishindwa kujizuia, ziweke ukurasa wa nyuma.

Mistari 8 hadi 12 inatosha kwa kampuni yoyote. Baada ya hapo utaona mambo yanajirudia na unaanza kusoma kwa udaku. Kitu kikitajwa na watu watatu wasiofahamiana, kiandalie kama kitu cha uhakika. Kikitajwa na wawili, kiandalie kwa nusu saa. Kikitajwa na mmoja, kijue tu kipo. Kipimo hiki si sayansi, ila kinakuzuia kutumia siku mbili kwenye fumbo aliloulizwa mtu mmoja na msaili aliyekuwa amechoka.

Kwenye safu ya siku za kusubiri, tumia namba ya katikati badala ya wastani. Watu watano wakisema walisubiri siku 4, 6, 7, 9 na 41, wastani ni 13.4, jambo ambalo halikumtokea mtu yeyote kati yao. Ya katikati ni 7, na ndiyo itakayokutuliza siku ya tano simu ikiwa bado kimya. Yule wa siku 41 pengine alikuwa mtu wa akiba, akaitwa baada ya chaguo la kwanza kukataa ofa.

Kutafsiri malalamiko

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hupotea. Malalamiko hayaongopi kuhusu kilichotokea. Yanaongopa kuhusu maana yake.

"Hawakutabasamu, walikuwa wanaandika tu." Hii, mara nyingi, ni habari njema. Inaashiria usaili wenye mpangilio maalumu: kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale kwa mfuatano uleule, kila jibu linapewa alama kwa kipimo kilichoandikwa, tuseme 1 hadi 5, na wasaili wanalinganisha alama baadaye. Msaili wa namna hiyo ameelekezwa asikusifu wala kukuongoza, kwa sababu kama angekuwa mkali kwa mwingine na mchangamfu kwako, alama zisingelinganishika. Uchambuzi wa mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake uliotoka 2022, uliopitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, uliuweka usaili wa aina hii juu ya orodha katika kutabiri utendaji kazini. Usaili wa kupiga soga, ambao msailiwa hutoka anacheka, unatabiri kwa udhaifu zaidi.

Ukishajua ni wa aina hiyo, badilisha namna ya kujibu. Anayeandika anahitaji vitu vya kuandika: namba, jina la kifaa, hatua uliyochukua, matokeo. Sema sentensi yenye uzito, nyamaza sekunde mbili kalamu imalize, endelea. Na uso wake usiusome, haukuambii chochote.

"Walinikatiza kabla sijamaliza." Piga hesabu. Usaili wa dakika 45 wenye maswali 6: toa 10 za utambulisho na maswali yako, zinabaki 35, yaani chini kidogo ya dakika 6 kwa swali, pamoja na maswali ya kufuatilia. Jibu la kwanza likizidi dakika 3, umewanyima nafasi ya kuchimba, na kwenye kuchimba ndiko alama zinapatikana. Lenga dakika 2. Jirekodi kwa simu. Karibu kila anayedhani anaongea dakika mbili anaongea nne.

"Waliniuliza kitu kilekile mara tatu." Walikuwa wanamtafuta yeye ndani ya "sisi". Mazungumzo huwa hivi:

— Tulipunguza sana malalamiko ya wateja.
— Wewe hasa ulifanya nini?
— Tulikaa kama timu, tukaja na mkakati.
— Na sehemu yako kwenye huo mkakati?
— Tulishirikiana wote kwa kweli.

Msaili anaacha kisanduku wazi na kwenda swali linalofuata. Anayejibu anaona amekuwa mnyenyekevu; karatasini ameandikwa kuwa hakufanya kitu. Jibu lililokuwa linatafutwa ni la namna hii: "Nilichukua malalamiko ya miezi miwili, 212, nikayapanga kwa sababu. Ya ankara kuchelewa yalikuwa 90. Nikaandika pendekezo la kurasa mbili kwamba ankara zitoke tarehe 25 badala ya 30, meneja akakubali, mimi nikasimamia mabadiliko na mtu wa mifumo. Mwezi uliofuata malalamiko ya ankara yalikuwa 14." Hali, jukumu, hatua, matokeo: mpangilio unaofahamika kama STAR. Sehemu ya hatua ichukue zaidi ya nusu ya jibu, na iwe na "nili-", si "tuli-".

"Kila niliyekutana naye aliniuliza maswali yaleyale." Hili ni kosa la kampuni kweli: wasaili hawakugawana mada. Ukiliona kwa zaidi ya mmoja, andaa mifano miwili tofauti kwa kila swali la kawaida, kwa sababu mwishoni hao wasaili watakaa pamoja, na ukiwa na mfano mmoja tu utaonekana mtu wa tukio moja.

"Msaili hakuwa amesoma CV yangu." Hutokea popote ambapo watu wa idara huvutwa kwenye jopo dakika za mwisho. Beba nakala za CV kulingana na idadi ya jopo na moja ya ziada, na uwe na utambulisho wa sekunde 60 unaojitosheleza. "Kama inavyoonekana kwenye CV yangu" ni sentensi ya kuiacha nyumbani.

Kuchelewa kwa wasaili: mara moja ni ajali. Watu watatu wa miezi tofauti wakitaja kusubirishwa zaidi ya nusu saa, hiyo ni tabia ya pale, na utakutana nayo hata ukiwa mfanyakazi.

Hatua kwa hatua, kwa kutumia jedwali lako

Simu ya mchujo huchukua dakika 15 hadi 30 na hukata watu kwa mambo matatu: mshahara, tarehe ya kuanza, na sababu ya kuacha kazi ya sasa. Ikikukuta kwenye kelele, sema "naomba unipigie baada ya dakika 10". Hakuna anayekataa, na dakika hizo zinakutosha kufungua jedwali. Kwenye mshahara taja kiwango cha chini na cha juu, na cha chini kiwe kile ambacho kweli ungekipokea, kwa sababu ndicho watakachokikumbuka.

Video ya kujirekodi, ambayo hakuna mtu upande wa pili, ndiyo inayolalamikiwa kuliko hatua zote. Tafuta kwenye simulizi mambo matatu: sekunde za kufikiri kabla ya kurekodi (30 ni za kawaida), urefu wa jibu (dakika 1 hadi 3), na kama unaruhusiwa kurudia. Hili la kurudia lina mtego wake. Ukiruhusiwa, jipe mara mbili tu, maana kufikia ya tano sauti inakuwa ya mtu anayesoma risala. Kamera iwe usawa wa macho, mwanga utoke mbele yako. Kuhusu hofu kwamba mashine inapima tabasamu: HireVue, moja ya kampuni kubwa za huduma hii, ilitangaza Januari 2021 kuwa imeacha kuchambua sura za wasailiwa. Maneno ndiyo yanayobaki kuwa na uzito, kwa hiyo tamka vizuri na utaje majina ya vitu vya kazi yako jinsi yalivyo kwenye tangazo.

Kazi ya kufanyia nyumbani: zidisha mara mbili muda ulioandikwa. Wakisema saa 3, jedwali lako huenda likaonyesha watu walitumia 6 au 7. Fanya mpaka saa ulizojiwekea ziishe, kisha ongeza aya moja inayosema ungefanya nini kama muda ungekuwepo. Mkaguzi makini huisoma aya hiyo kwanza. Tofautisha mtihani na kazi ya bure. Data ni za mteja halisi, tarehe ya mwisho ni ya mteja huyo, na hakuna aliyewahi kuulizwa swali lolote kuhusu alichowasilisha? Hapo unafanyishwa kazi. Uliza kwa upole kama unaweza kutumia data za mfano.

Jopo limeshaelezwa. La kuongeza ni moja: mtazame aliyeuliza mwanzoni mwa jibu, wagawie wengine katikati, rudi kwake mwishoni.

Idadi ya hatua nayo inasema kitu. Google ilichambua usaili wake yenyewe na kukuta kwamba watu wanne wakimsaili mwombaji, uamuzi unafikia uhakika wa asilimia 86. Wa tano na kuendelea waliongeza kidogo mno. Simulizi zikionyesha raundi saba kwa nafasi ya kawaida, tatizo huwa ni kwamba hakuna mwenye kauli ya mwisho. Una haki ya kuuliza baada ya raundi ya tatu: "Zimebaki hatua ngapi, na nani anafanya uamuzi?" Jibu la kigugumizi nalo ni jibu.

Ukimya baada ya usaili

Hakuna neno linalojirudia kwenye simulizi kama "kimya". Sababu zake za ndani ni chache na hazikuhusu sana: chaguo la kwanza lina ofa mkononi na halijasaini, bajeti haijaidhinishwa, mmoja wa jopo amesafiri na alama zake hazijaingia, au wamekukataa na hakuna aliyepewa jukumu la kukuambia. Kutokea nje huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo fuata saa.

Siku ileile au kesho yake, shukrani ya mistari mitatu. Kabla hujatoka kwenye usaili uliza watatoa majibu lini. Tarehe hiyo ikipita, ongeza siku 2 za kazi, kisha andika. Usipojibiwa, andika tena baada ya wiki. Baada ya hapo endelea na maombi mengine, wala usipige simu mapokezi. Tumia jedwali: kama kwa waliokuja kabla yako namba ya katikati ni siku 20, usianze kuulizia siku ya 6.

Simulizi zinazokutaka ukimbie

Ukikuta hata simulizi moja inayotaja malipo, iwe ya fomu, vipimo vya afya, sare au mafunzo kabla ya mkataba, ithibitishe kabla ya kwenda popote. Anayeajiri hulipa, halipwi. Vilevile vyeti halisi vinavyobaki ofisini, taarifa za benki zinazoombwa kabla ya ofa, na usaili mzima wa kuandikiana ujumbe bila sauti wala sura ya mtu. Tafuta namba ya kampuni mwenyewe kwenye tovuti yake rasmi, upige na kuuliza kama nafasi hiyo ipo. Namba iliyo kwenye ujumbe wa mwaliko usiitumie kuuthibitisha mwaliko wenyewe.

Ukitoka, andika yako

Andika ndani ya saa 24, kabla majibu hayajaja. Ukishapata au kukosa, kumbukumbu inapindika kama ilivyowapinda wengine. Kwanza jiandikie mwenyewe: kila swali, kwa mfuatano, na pale uliposhikwa na kigugumizi. Hii ndiyo nakala utakayoisoma ukiitwa raundi inayofuata, kwani msaili wa pili huweza kuwa na maelezo ya wa kwanza na kuanzia pale ulipoyumba.

Nakala ya watu wengine iwe fupi zaidi. Taja vyeo, usitaje majina ya wasaili. Kama ulisaini karatasi ya kutunza siri ya mtihani, eleza aina yake na muda wake, maswali yaache. Lawama uliyonayo iandike kama tukio lenye namba: "nilisubiri dakika 50, hakuna aliyekuja kueleza" inamfaa msomaji kuliko "hawaheshimu watu". Matokeo yaongeze baadaye katika mstari wake, pamoja na tarehe uliyoyapata, ili atakayekuja aweze kuhesabu siku.